Mwili "usiodaiwa" mara nyingi ni mwili unaodaiwa pesa

Kila baada ya miezi michache, hospitali kubwa za Nairobi na mochari ya jiji iliyo karibu na Mbagathi hutoa tangazo gazetini. Pengine umeliona ukalipita mbio ukitafuta matokeo ya mpira. Ni orodha ndefu. Majina mengine ni kamili, mengine nusu, na mengine si majina: mwanamume mtu mzima, hajulikani. Chini ya orodha kuna ilani. Kwa mujibu wa Kanuni za Mochari za Umma za 1991, zilizo chini ya Sheria ya Afya ya Umma, jamaa wana siku saba kuja kuchukua watu wao, la sivyo hospitali itaenda kortini kuomba ruhusa ya kuiondoa miili hiyo.

Safari ijayo usilipite. Soma hadi mwisho, kisha ujiulize wanaenda wapi.

Wengi huishia kwenye kaburi la pamoja Lang'ata. Lakini sheria ya Kenya ina mlango mwingine ambao wachache mtaani wanaujua. Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, iliyotungwa miaka ya 1960, inaruhusu mwili ambao hakuna aliyejitokeza kuuchukua upelekwe kwa chuo cha udaktari kilichoidhinishwa, utiwe dawa usioze, kisha wanafunzi waupasue wakijifunza. Si siri na si uhalifu, ni sheria ya nchi.

Nisizunguke. Sheria hiyo ibadilishwe. Mwili wa mtu usipasuliwe darasani kama mwenyewe hakusema ndiyo akiwa hai. Kunyamaza kwa maskini kusihesabiwe kuwa ni kukubali.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda familia, kwa hivyo usinichukue kama profesa. Lakini kusoma sikuacha, na hii story ya maiti na sheria ukiifuata nyuma miaka 200 utakuta watu wanaofanana sana na sisi.

Neno moja, maana mbili

Kwenye makaratasi ya serikali miili hii huitwa miili isiyodaiwa. Sasa cheza na hilo neno kidogo. Kwa Kiswahili chetu, mtu asiyedaiwa anaweza kuwa yule ambaye hakuna aliyekuja kusema "huyu ni wetu." Lakini mtu anayedaiwa ni yule ambaye ana deni. Sasa miili ya kwenye lile tangazo iko upande gani? Mingi iko pande zote mbili. Haijadaiwa na jamaa kwa sababu inadaiwa na mochari.

Chukua msee wa mjengo anayekaa Kayole. Alitoka ushago miaka mitatu iliyopita, na keja anaishi na mwenzake wa kazi anayemjua kwa jina la utani tu. Saa tatu usiku anagongwa na gari Outering Road. Simu inaibwa kabla ambulensi haijafika. Anakimbizwa Mama Lucy, anafariki, anahamishiwa mochari. Mfukoni hana kitambulisho. Alama za vidole zinaweza kumtambulisha kama alishawahi kuchukua kitambulisho, lakini lazima kuna mtu azichukue, azipeleke, na afuatilie majibu. Wakati huo wote mama yake kule nyumbani anadhani kijana amenyamaza kwa sababu hana doo ya kutuma.

Halafu kuna wale wanaojulikana kabisa. Familia inajua mtu wao analala wapi. Tatizo ni bili ya hospitali, ada ya mochari inayohesabiwa kila siku, sanduku, na gari la kwenda Busia au Kitui. Mnajua tunavyofanya. Grupu la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anachaguliwa, kopo linapitishwa steji, hata disko matanga inapigwa. Pesa zinaingia kidogo kidogo huku ada inapanda kila asubuhi. Inafika mahali familia inaacha kwenda kuuliza. Aibu inawafanya wazime simu. Kwa rekodi za mochari, mtu wao hajadaiwa.

Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja, ikiwemo katika kesi ya Mombasa ya 1998, kwamba hospitali haiwezi kushikilia maiti kama dhamana ya deni, kwa sababu maiti si mali. Uamuzi mzuri. Lakini hebu niambie, ni nani kwenye ploti yenu anaweza kumtoa wakili mfukoni ili akaukumbushe mochari huo uamuzi?

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "ni miili tu ambayo haina wenyewe," mrudishe nyuma. Ina wenyewe. Wenyewe hawana pesa, au hawajaambiwa.

Mpangaji aliyekufa na deni la nyumba

Sheria yetu haikuota Nairobi. Mizizi yake iko Uingereza, na kisa kilichoisukuma kilianzia kwa mpangaji.

Kwanza jua hali ilivyokuwa. Chini ya sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 1752, muuaji aliyenyongwa hakuzikwa vivi hivi. Mwili wake ungeweza kupewa madaktari waupasue, na hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya adhabu, aibu juu ya kifo. Vyuo vya udaktari vikaongezeka, wauaji wa kunyongwa wakawa hawatoshi, na walimu wa anatomia wakaanza kununua maiti zilizofukuliwa makaburini usiku bila kuuliza maswali.

Mwishoni mwa 1827, mjini Edinburgh, Scotland, mzee mmoja mpangaji alikufa akiwa na deni la kodi la pauni 4. Mwenye nyumba, William Hare, na rafiki yake William Burke wakajaza sanduku lake takataka ili lizikwe, kisha wakauza maiti kwa mwalimu wa anatomia, Dkt Robert Knox, kwa pauni 7 na shilingi 10. Deni la nyumba likalipwa na chenji ikabaki. Wakaona hiyo ni biashara. Mwaka uliofuata wakaua watu 16 na kuwauza kwa daktari huyo huyo. Wengi walikuwa wapangaji, wapita njia, wanawake wasio na kitu, watu ambao walidhani hakuna angekuja kuwaulizia.

Burke alinyongwa Januari 1829, na yeye mwenyewe akapasuliwa. Mifupa yake ingali imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hare aliachiliwa kwa sababu alitoa ushahidi. Daktari aliyenunua hakushtakiwa.

Hasira za watu zikalazimisha Bunge la Uingereza kufanya kitu, na mwaka 1832 likapitisha Sheria ya Anatomia. Walisema inakuja kumaliza wizi wa maiti, na kweli wizi uliisha. Lakini angalia namna walivyoumaliza. Yeyote aliyeushika mwili kihalali angeweza kuutoa kwa madaktari, isipokuwa marehemu awe alikataa kwa maandishi, au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili wakati wa ugonjwa wake wa mwisho, au jamaa wa karibu apinge. Na nani alikuwa akishika miili mingi? Wasimamizi wa hospitali na wa nyumba za maskini, zile ambazo mtu aliingia akishindwa kabisa na maisha. Watu wa huko wengi hawakujua kuandika, na mashahidi wao walikuwa maskini wenzao.

Hapo ndipo mambo yaligeuka. Adhabu iliyokuwa ya muuaji ikahamishiwa kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kufa bila pesa. Ukiwa na pesa unazikwa bila mtu kukuuliza chochote, na ukiwa huna ni lazima uwe ulikataa mapema, tena na mashahidi.

Ilivyofika kwetu

Waingereza walipotawala, walibeba sheria zao pamoja na mizigo mingine. Madaktari Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifunzwa Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya udaktari yalianza 1924. Nairobi ilipata shule yake ya udaktari 1967. Kenya huru ilihitaji sheria ya anatomia kwa ajili ya shule hiyo, na ile iliyotungwa ilifuata njia ya 1832: mwili usio na wa kuuchukua unaweza kwenda chuoni.

Usidhani watu wa mtaani hawakuwa na wasiwasi kitambo. Pumwani, mtaa wa kwanza kabisa ambao wakoloni waliwatengea Waafrika jijini, ilikuwa na hadithi za mumiani na wazimamoto. Ilisemekana watu wa zimamoto walikuwa wakiwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa ya wazungu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizo, za Pumwani na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, na kuziandikia kitabu kizima. Hakuna ushahidi kwamba wazimamoto walinyonya mtu damu. Lakini uvumi hauanzi bure. Watu ambao kazi yao, makazi yao na njia yao ya kutembea vilipangwa na wengine kwa kipande walichovaa shingoni waliona wazi kwamba hata miili yao haikuwa yao.

Tukapata uhuru. Je, mwili ukawa wako? Muulize S.M. Otieno. Alikuwa wakili mkubwa Nairobi, akafariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka kuzikwa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Siaya. Maiti ikakaa mochari zaidi ya siku 150 kesi ikipanda na kushuka, na Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Otieno akazikwa Nyalgunga. Somo lililobaki ni kwamba wakili aliyejua sheria vizuri kuliko mimi na wewe, mwenye nyumba na mali, hakuweza kuhakikisha neno lake linaheshimiwa baada ya kufa.

Sasa linganisha na yule msee wa Kayole. Kwa Otieno, watu walipigana miezi mitano kuhusu ardhi ya kumlaza. Kwa msee wa Kayole, tangazo la siku saba linatosha.

"Na madaktari watajifunzia wapi?"

Najua swali hili linakuja, na ni swali halali. Daktari anayekupasua appendiksi Mama Lucy lazima awe alishauona mwili wa mtu kwa ndani kabla ya wako. Picha na kompyuta husaidia, lakini wenye kazi wenyewe watakwambia mwili wa binadamu bado ni mwalimu mkuu. Na vyuo vimeongezeka. Zamani ilikuwa Nairobi peke yake. Leo kuna Moi, Kenyatta, Maseno, JKUAT na vingine, na kila darasa linahitaji miili. Sisemi upasuaji wa kujifunza ukome. Mimi pia nataka kutibiwa na mtu anayejua ini liko wapi.

Ninachosema ni kwamba wangeomba. Serikali ikitaka damu huja hadi shuleni na kuweka hema mjini, na watu hupanga foleni wapewe soda na biskuti. Kuhusu mwili, ni nani ameshawahi kukuuliza? Mimi hakuna. Huwezi kusema Wakenya hawatoi kama hujawaomba. Ni rahisi tu kuendelea kuchukua wale wasioweza kukataa.

Tena Waingereza waliotuachia mpango huu wenyewe wameshautupa. Sheria yao ya 2004 inataka mtu awe aliandika na kutia sahihi mwenyewe, mbele ya shahidi, ndipo mwili wake utumike kufundishia anatomia. Hata familia haiwezi kumkubalia. Afrika Kusini vyuo vingi hutegemea watu waliojitolea. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilipendekeza vyuo vitumie miili iliyotolewa kwa hiari. Wataalamu wa kazi hiyo hiyo ndio wanaosema hivyo, si mimi blogger wa Eastlands.

Na hapa Kenya mlango wa hiari uko wazi tayari. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mtu anayestahili kuandika wosia anaweza kutoa mwili wake kwa mafunzo au utafiti, kwa wosia, kwa hati iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili, au hata kwa kusema tu mbele ya mashahidi wawili. Anaweza pia kubadilisha nia. Kwa hivyo tuna sheria mpya inayokuheshimu ukiwa hai na unajua haki zako, na sheria ya zamani inayokungoja ukifa bila mtu. Haziwezi kukaa nyumba moja milele. Bunge lichague.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa Eastlands hawezi kulinyamazia. Jijini hapa mwili usiotambuliwa wakati mwingine ni ushahidi. Julai 2024, watu wa Mukuru kwa Njenga walitoa miili iliyokatwakatwa kwenye timbo la Kware, ikiwa imefungwa kwenye magunia. Miaka miwili kabla, wakazi wa Yala walikuwa wakiopoa maiti mtoni. Mwili wa namna hiyo ukifutwa kwenye rekodi, kesi inafutwa nao. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda ofisi ya uchunguzi wa vifo 2017, na miaka mingi baadaye ofisi yenyewe ilikuwa bado haijaanza kazi. Nchi isiyochunguza vifo vizuri haifai kuwa na haraka ya kusema mwili fulani hauna mwenyewe.

Tudai nini

Kwanza, Sura ya 249 irekebishwe ili ridhaa ya marehemu mwenyewe iwe ndiyo njia, na vyuo vipewe muda wa kuhama, tuseme miaka kadhaa, wakijenga orodha ya watu wa kujitolea. Waje mitaani. Waje Kaloleni Social Hall, waje makanisani na misikitini, waeleze, wajibu maswali. Wengine watakataa kwa sababu ya dini au mila, na hiyo ni haki yao. Majengo wanajitahidi kuzika siku ile ile mtu anapofariki, na hakuna anayepaswa kuwaomba msamaha au kuwaombea ruhusa kwa hilo.

Pili, kabla mwili wowote haujaitwa usiodaiwa, mochari ionyeshe korti kazi iliyofanya: alama za vidole zimechukuliwa na kulinganishwa, picha na maelezo yamewekwa mahali watu wa kawaida wanaona, machifu wameulizwa. Tangazo kwenye gazeti ambalo mama wa Kitui halisomi halitoshi. Siku hizi mtoto akipotea Umoja picha yake inazunguka Facebook hadi Mombasa kabla jioni haijafika, kwa hivyo wasituambie haiwezekani.

Tatu, ada za mochari zisamehewe kwa familia iliyothibitisha haina, na iandikwe wazi ukutani kwamba maiti haishikiliwi kwa deni. Hili peke yake lingepunguza ile orodha ya gazeti.

Nne, wale ambao tayari walifunza madaktari wetu bila kuulizwa wakumbukwe. Vyuo kadhaa duniani hufanya ibada ya shukrani kila mwaka kwa miili iliyotumika. Daktari yeyote aliyesoma Kenya tangu 1967 ana mwalimu wake wa kwanza ambaye hakumjua jina. Jiwe moja Lang'ata lenye maneno ya asante haliwezi kuvunja bajeti ya chuo.

Na wewe unayesoma, usingoje Bunge. Leo weka namba ya mtu wa nyumbani kwenye simu mahali inapoonekana bila nywila, na nyingine kwenye karatasi ndani ya pochi, kwa sababu simu itaibwa. Kama una miaka 18 na hujachukua kitambulisho, nenda ukapigwe alama za vidole. Mjue jina kamili mnayeishi naye keja, na kwao ni wapi. Kisha kaa na watu wawili unaowaamini uwaambie wazi unataka mwili wako ufanyiwe nini: uzikwe wapi, au upewe madaktari. Ukitaka kutoa, toa. Ukikataa, kataa. Lakini useme, wasikie, na ikiwezekana muandike.

Ukimaliza hapo, mpigie yule boy wa ploti ambaye hajaonekana wiki mbili. Asipopokea, uliza.